Njoo Unifungulie

Dalmas hapendi nikiisimulia habari hii. Lakini pia hapendi ninavyopika omena, wale dagaa wa ziwani, na bado anakula hadi anapangusa sahani, kwa hiyo mimi nasimulia.

Dalmas ni mdogo wangu, anayenifuata kuzaliwa. Miaka ile ya tisini tulikaa Manyatta, nyumba moja, na mimi nilikuwa na kibanda cha chakula nje ya lango la kiwanda kimoja cha samaki, hapa Kisumu, upande wa ziwani. Asubuhi wanawake walijaa pale langoni kununua mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikishachunwa na kupelekwa Ulaya. Mchana walikuja makarani. Kelele, moshi, harufu ya samaki, na mimi katikati nikiwagombeza wasiotaka kunawa. Zilikuwa siku nzuri, ingawa sikujua.

Dalmas aliajiriwa humo kiwandani kutunza kompyuta, yeye na rafiki yake Oduor. Walisoma pamoja, wakaajiriwa pamoja, na nadhani wangeoa siku moja kama wangepata mabinti wa kuwavumilia. Kazi yao kubwa ilikuwa kuhakikisha kwamba kila kitu kilichomo kwenye seva, ile kompyuta kubwa inayolisha nyingine zote, kinanakiliwa kwenye kanda kila siku. Kisumu radi hupiga jioni kana kwamba imeajiriwa. Ikipiga vibaya, kompyuta huamka kesho haikumbuki hata jina la mwenyewe, na hapo kanda ndiyo inayokuokoa. Usiku majokofu ya kiwanda yalinyonya umeme hadi taa zikafifia, basi kazi hiyo ikapangwa saa saba mchana, makarani wakiwa kwangu.

Oduor ndiye aliyetengeneza programu ya kuifanya kazi hiyo. Siku moja wakati wa chai alijaribu kunieleza.

"Hii programu haina uso, Awuor. Huwezi kuiona. Iko tu huko nyuma, inangoja saa yake. Lakini haiwezi kuingia kwa seva bila jina ya mtu. So nimeipatia jina yangu na password yangu. Hata nikienda likizo, jina yangu inabaki kazini."

"Na mshahara unabaki na nani?" nikamuuliza.

Alicheka hadi chai ikampalia. Ndivyo alivyokuwa.

Chumba cha seva kilikuwa kidogo, hakina dirisha, kina mashine ya kupoza hewa inayonguruma juu ukutani. Mlango wake ulikuwa na kilema: kitasa cha ndani kilivunjika zamani na meneja, Bwana Shitanda, kila mara alisema kitatengenezwa. Ukishafungwa, ulifunguliwa kwa nje tu, kwa ufunguo. Na ilikuwa lazima ufungwe, maana hewa ya kiwandani yenye unyevu wa samaki ilikuwa sumu kwa mashine. Sasa, kanda moja haikutosha kazi yote. Ya kwanza ikijaa, lazima mtu awe humo ndani aitoe, atie ya pili, la sivyo mashine inakaa tu inangoja. Basi Oduor alifungiwa ndani na kanda zake, na Dalmas akabaki ofisini na ufunguo, ameuvaa shingoni kwa uzi wa nyavu. Kanda ya pili ikimalizika, programu yenyewe hutuma ujumbe kwenye kompyuta ya Dalmas. Maneno yake ya asili yalikuwa Kiingereza kirefu kikavu. Oduor aliyafuta akaandika yake: *Nimemaliza. Njoo unifungulie.*

Kila siku, saa nane hivi, Dalmas aliyaona maneno hayo, akainuka, akafungua, na hao wawili wakaja kwangu wakisukumana. Sahani ya Oduor nilikuwa nimeiweka kando, nimeifunika.

Kiwanda kilikuwa na kituo cha kupokelea samaki kisiwani, na huko kulikuwa na kompyuta moja korofi. Walikwenda kuitengeneza kwa zamu. Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mvua zimeshaanza, ilikuwa zamu ya Dalmas. Ijumaa jioni akajifunga leso kichwani, akamwambia Oduor malaria imemshika, aende badala yake.

Malaria gani? Nilimwona kwa macho yangu akimaliza ugali wa watu wawili. Jumamosi hiyo kulikuwa na mechi uwanjani, na yeye alitaka kuitazama. Nilimwambia, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Na anayejitia maradhi, yeye humuumbua nani?" Akacheka, akavaa shati lake la kijani, akaenda.

Oduor hakujua kuogelea. Watu wa mbali hudhani kila Mjaluo huzaliwa na mapezi, lakini yeye alikulia soko la Otonglo, akimsaidia mama yake kuuza nyanya. Wakati wa kurudi upepo uliwakuta katikati ya maji. Wavuvi waliokoa watu wawili wa mtumbwi ule, wameng'ang'ania mitungi ya petroli. Oduor hakupatikana. Alitafutwa wiki nzima.

Bwana Shitanda alipouliza nani alimtuma, Dalmas akajibu, "Alijiombea mwenyewe kwenda." Hivyo tu, maneno matatu. Nadhani aliyasema kwa hofu kabla hajayafikiri, na maji yakimwagika hayazoleki. Maana watu nao wana akili zao. Kijana anajiombea kwenda kisiwani Jumamosi, anafuata nini huko? Mwanamke. Ndani ya siku chache habari ikafika Otonglo, na Mama Rosa, mama yake Oduor, mjane mwenye mtoto mmoja, akawa anapanga nyanya zake huku akisikia meza ya pili wakinong'ona kwamba mwanawe alifia uzinzi.

Kwetu, mtu akimezwa na ziwa na mwili usionekane, huzikwa tunda la yago badala yake. Ni tunda refu, zito, la kijivu; ukilibeba mikononi ni kama umebeba mtoto mchanga aliyelala. Lakini tunda ni tunda tu mpaka aitwe mwenyewe aje alale pamoja nalo. Ndiyo sababu Ouma, ndugu wa marehemu baba yake Oduor, alisimama kando ya kaburi akiwa amelishika, akauliza, "Aliyemtuma kwa maji yuko? Aje amwite arudi nyumbani."

Dalmas alikuwa amesimama karibu nami. Nilimfinya kiwiko. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Hakuna mwenye alimtuma," mtu mmoja akasema kutoka nyuma. "Alijituma."

Wawili watatu wakacheka kwa pua. Mama Rosa hakuinua kichwa. Tunda likashushwa ardhini bila kuitwa mtu, udongo ukarudishwa, na sisi tukala wali wa matanga.

Jumatatu Dalmas alirudi kazini peke yake. Hakuwa na moyo wa kufanya lolote. Chumba cha seva kilikuwa kimefungwa tangu mazishi na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Alikaa mezani akitazama ukuta. Saa saba ikapita. Halafu, kwenye skrini yake, yakatokea maneno.

*Nimemaliza. Njoo unifungulie.*

Alishtuka, lakini hakuogopa. Ni programu, alijiambia. Hakuna aliyeizima. Saa yake imefika, imefanya kazi, imetuma ujumbe kama ilivyofundishwa. Aliinuka, akaenda kufungua, akanyoosha mkono kuwasha taa. Ndipo alipokumbuka ile kanda ya pili.

Kanda ya kwanza ilikuwa mezani, imewekwa vizuri ndani ya kasha lake. Ya pili ilikuwa ndani ya mashine.

Alikuja kwangu akiwa na uso wa majivu. Nilimwambia labda alizibadilisha mwenyewe akasahau, huzuni hufanya hivyo. Alikubali upesi sana. Nilikuwa nimefunika sahani kando, kwa mazoea tu, na wote wawili tukaiona kwa wakati mmoja.

Kesho yake aliisimamisha programu. Aliniambia ni kama kumzimia mtu redio: unabonyeza, imekufa, mashine yenyewe inakuandikia kwamba imekufa. Saa nane ujumbe ukaja.

Akatazama ndani ya mipangilio. Jina la kuingilia lilikuwa bado la Oduor. Akabadilisha neno la siri la Oduor, ili programu ikijaribu kuingia ikatazwe. Haikukatazwa. Akalifuta jina lenyewe kwenye orodha ya watumiaji. Mashine ikamuuliza kama ana hakika. Aliniambia ilikuwa kama kumzika tena, na safari hii akiwa na koleo yeye mwenyewe. Akabonyeza. Saa nane ujumbe ukaja.

Bwana Shitanda alimpigia simu fundi wa Nairobi. Dalmas alieleza yote, isipokuwa uongo wake. Fundi akasema, "Haiwezekani. Bila jina halali hiyo kitu haiwezi hata kuanza. Angalia tena vizuri, kijana, kuna mtu anaingia."

"Kuna mtu anaingia," Dalmas alinikariria usiku huo, akicheka kicheko kibaya.

"Nenda kwa Mama Rosa," nikamwambia. "Mwambie."

"Kesho."

"Kesho ya lini?"

"Awuor, wacha nitengeneze kwanza hii mashine."

Sitamsahau alivyolisema hilo. Alikuwa anajua. Fundi mzima, anajua hitilafu iko wapi, na anafungua mahali pengine popote asije akapagusa. Alichomoa waya wa mashine ya kanda. Alibadilisha saa ya kuanza. Alifuta programu yote na kuiweka upya, akaandika yale maneno makavu ya Kiingereza. Kila mara ujumbe ulirudi kwa Kiswahili. Na sakafu ya chumba kile, ambamo hata chai haikuruhusiwa, ikaanza kuwa na maji.

Akaacha kufungua mlango. Siku nyingi zikapita. Alikonda. Alikuja kwangu mchana, akachovya ugali kwenye mchuzi na kuuacha hapo. Bwana Shitanda akimuuliza kuhusu kanda, anasema ziko sawa.

Kisha siku moja hakuja kabisa. Nikamfungia chakula kwenye bakuli, nikampita askari wa lango, nikamfuata ofisini. Makarani wote walikuwa nje. Jua lilikuwa kali dirishani. Nilimkuta amesimama kwenye ukumbi mwembamba, mgongo ukutani, anatazama mlango wa seva.

"Kuna nini?"

Aliweka kidole mdomoni.

Nikasikiza. Ile mashine ya hewa ilikuwa inanguruma. Chini ya ngurumo hiyo kulikuwa na kitu kingine. Hodi. Polepole, kwa kucha, kama mtu asiyetaka kusumbua. Oduor alibisha hivyo hivyo mlangoni kwetu akija kuomba chumvi.

"Ni mashine ya hewa," Dalmas akanong'ona.

"Mashine ya hewa haibishi hodi."

"Kila siku, Awuor. Kila siku."

Hodi ikanyamaza. Tukangoja. Maji yakatokea chini ya mlango. Kidogo tu. Yalikuwa na harufu ya ziwa, ile ya magugu yanayooza, na yalikuja moja kwa moja hadi kwenye kiatu chake yakasimama.

"Fungua," nikasema.

"Siwezi."

"Dalmas. Fungua."

Ufunguo ukagonga chuma. Ukaingia. Ukazunguka. Mlango ukasukumwa nusu.

Baridi ikatoka. Taa ilikuwa inawaka. Hapakuwa na mtu. Kanda zilikuwa zimepangwa mezani, zote zinadondoka maji. Kiti cha Oduor kilikuwa kimegeuzwa kutazama mlango, kama anavyokigeuza mtu aliyechoka kungoja.

Juu ya kiti kulikuwa na tunda la yago, lina udongo wa kaburi.

Bakuli lilianguka mikononi mwangu. Dalmas alikaa chini pale pale kwenye maji, suruali ya kazi na yote, akalia kama alivyolia tulipomzika baba. "Wamemkatalia," alikuwa anasema. "Wamemkatalia kulala kwa sababu yangu." Nilitaka kumwambia kwamba nilimwonya. Badala yake nilimshika kichwa.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda Otonglo. Mama Rosa alikuwa anapanga nyanya zake katika vifungu. Dalmas akapiga magoti mbele ya meza, kwenye matope na maganda ya mahindi, akamwambia yote. Zamu. Leso kichwani. Mechi. Yale maneno matatu. Mama Rosa aliendelea kupanga nyanya. Kila akimaliza kifungu, alikibomoa akaanza tena.

"Namwota," akasema mwishowe, taratibu. "Amesimama kwa mlango. Namwambia, wuoda, mwanangu, ingia. Ananiambia, mama, mimi sina ufunguo."

"Nisamehe, Mama."

"Hiyo si yangu. Hiyo ni yake." Akainua sanduku tupu la nyanya, akaliweka chini kwa kishindo. "Panda hapa. Sema tena. Sema hao wote wasikie, wenye walimcheka mtoto yangu."

Dalmas akapanda. Soko zima likageuka. Sauti yake ilikatika mara ya kwanza, akaanza upya. Wale wa meza ya pili wakawa wanatazama viganja vyao. Mimi nilikuwa nimesimama na aibu yake imenifunika hadi masikio, na bado nilihisi kitu kimeanza kulegea kifuani.

Tulifika kiwandani saa ya chakula, sisi watatu. Askari alimtazama Mama Rosa usoni akafungua lango bila kuuliza. Tulipopita ofisini, kwenye skrini ya Dalmas maneno yalikuwa tayari yamekuja. Mama Rosa hakujua kusoma. Akauliza yanasema nini. Dalmas akamsomea.

"Basi kamfungulie," akasema. "Si wewe anaita?"

Hodi ilikuwa inasikika. Tulipokaribia ilinyamaza. Dalmas akazungusha ufunguo, akafungua mlango wote mpaka ukagonga ukuta, akasimama mbele ya kile kiti.

"Oduor, omera, ndugu yangu," akasema kwa sauti ndogo. "Zamu ilikuwa yangu. Sikuwa mgonjwa. Mimi ndiye nilikutuma. Wadhi dala. Twende nyumbani."

Mashine ya kanda ikazunguka kidogo, ikasimama.

Mama Rosa akageuka, akaanza kutembea. Mkono wake wa kulia aliuacha kando kidogo, vidole vimekunjwa, kama anavyomshika mtoto mama anayevuka barabara. Hakutazama nyuma. Dalmas akabeba tunda. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilitazama sakafu. Ndara za Mama Rosa ziliacha vumbi jekundu la Otonglo. Kando yake, upande wa ule mkono, kulikuwa na nyayo pekupeku za maji. Zilitokea moja baada ya nyingine, mbele ya macho yangu, hadi nje langoni. Hapo mchanga ukazinywa.

Huko Otonglo kaburi halikuwa limeguswa, majani yalishaanza kuota juu yake. Ouma na vijana wawili walilichimba, na ndani hapakuwa na kitu ila maji. Tukangoja yapungue. Dalmas mwenyewe ndiye aliyeshuka kulilaza lile tunda, akiita jina. Kabla hajapanda, Mama Rosa akamnyooshea kidole shingoni.

"Mpatie na ufunguo. Asibaki akiomba watu."

Dalmas akauvua, na ule uzi wake wa nyavu, akauweka juu ya tunda. Udongo ukarudi.

Kesho yake, saa saba, programu ilijaribu kuanza ikashindwa. Mashine ikaandika kwamba mtumiaji huyo hajulikani. Mtu mzima, fundi wa kompyuta, alikuja mbio kibandani kwangu kuniambia imeharibika, na machozi yanamtoka kwa furaha. Nilimpakulia sahani mbili. Alizimaliza zote.

Ningependa kuishia hapo. Mama Rosa alipata heshima yake sokoni, na Dalmas akaanza kulala. Kiwanda kikaajiri msichana kutoka Bungoma, anaitwa Nakhungu, mpole, wa maneno machache. Kitasa cha ndani, bila shaka, hakikutengenezwa. Bwana Shitanda alikuwa na ufunguo wa akiba, Nakhungu akapewa huo. Sasa Dalmas ndiye angefungiwa ndani. Aliisafisha programu, akaipa jina lake mwenyewe na neno lake la siri, akaiagiza itume ujumbe kwa Nakhungu. Maneno ya Oduor aliyaacha. Alisema kuyafuta ni kumfukuza.

Siku ya kwanza ya mpango huo Nakhungu alitoka kula kwangu mapema, awahi kurudi mezani kabla ya ujumbe. Alinawa mikono, akautoa ufunguo mfukoni kuhakikisha upo.

"Wacha nirudi, Mama Awuor," akasema. "Atanisubiri huko kwa baridi."

Alikuwa bado anainuka kwenye benchi Dalmas alipotokea langoni. Alitembea polepole, kiganja kimoja amekifumba.

"Nani amekufungulia?" Nakhungu akauliza.

Dalmas alimtazama. Kisha akautazama ule ufunguo mkononi mwa Nakhungu. Alisema alisikia mlango ukifunguliwa kwa nje, akasema asante, akatoka. Ukumbi ulikuwa mtupu. Ufunguo ulikuwa mlangoni, unaning'inia.

Nakhungu alikimbia ndani. Aliporudi alikuwa amejikumbatia mikono kama mwenye homa.

"Kwangu haikuja," akanong'ona. "Imetumwa kwa Oduor. Mashine inasema imepokelewa."

Dalmas akakifumbua kiganja. Ulikuwa ule wa zamani, na uzi wake wa nyavu. Meno ya ufunguo yalikuwa yamejaa udongo, na maji yalikuwa yanadondoka kati ya vidole vya ndugu yangu juu ya meza yangu ya chakula.

"Kuja kufungua ilikuwa kazi yangu mimi," akasema. "Ona, Awuor. Amenishikia zamu tena."

Hakulia. Ningefurahi kama angelia. Aliomba tu sahani, na nilipompakulia, akaisukuma upande wa pili wa meza, mahali pasipo na mtu, akaifunika.

Aliacha kazi mwezi huo. Kiwanda chenyewe kilikuja kufungwa, na hizo mashine sijui ziliuzwa wapi. Sasa tuko Nyamasaria, yeye ana duka la kutengeneza redio, na kila mwaka anakwenda Otonglo kupalilia lile kaburi. Ufunguo ninao mimi, kabatini, kwa sababu yeye hawezi kuushika na hawezi kuutupa. Nimeufunga kwa kitambaa. Nimebadilisha kitambaa mara nyingi, nimekianika juani, nimekipiga pasi. Jioni nikikigusa, kimelowa.